Daraja la Hef la Rotterdam: mbona limeinuliwa na halishuki?

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi bandarini Rotterdam, Uholanzi, ameniandikia hivi: "Mhandisi, shikamoo. Kila asubuhi napita kwa baiskeli karibu na Noordereiland na naliona daraja la chuma, minara miwili mirefu, na kipande cha katikati kimening'inia juu kabisa. Hakishuki hata siku moja. Reli hakuna upande huu wala upande ule. Wenyeji wanaliita Hef. Je, limeharibika? Na kama halina kazi, mbona halijauzwa chuma chakavu?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu fupi ili usiwe na wasiwasi unapopita: daraja hilo halijaharibika. Treni ya mwisho ilipita juu yake tarehe 24 Septemba 1993, na tangu hapo kipande cha kati kimeachwa juu kwa makusudi, meli zipite bila kumwomba mtu njia. Swali lako la pili, la chuma chakavu, ndilo lililonifanya niketi kuandika. Halijibiki mpaka ujue daraja lile lilikuwa likiamua ugomvi gani.

Ugomvi wenyewe unaujua, kwa kuwa wewe ni mtu wa Mombasa. Umesimama Likoni, feri imejaa watu, na imebidi ingoje kwa sababu meli ya makasha inaingia Kilindini. Lile daraja la kuelea la Liwatoni lililoanza kuvusha waenda kwa miguu Januari 2021 nalo lilitengenezwa na kipande cha kufunguka, meli ikija watu wasimame. Kila mahali njia ya nchi kavu inapokata njia ya maji, swali ni hilo hilo moja: nani angoje? Pale Makupa, kati ya kisiwa cha Mombasa na bara, jibu la zamani lilikuwa kali kupita kiasi. Tuta lilimwagwa, mkondo ukazibwa, na bahari ndiyo iliyoambiwa ingoje, mpaka mwaka 2022 lilipofunguliwa daraja lililorudishia maji njia yake.

Utaniuliza, kwa nini wasijenge daraja refu kwenda juu, meli ipite chini na treni ipite juu, pasiwe na wa kungoja? Kwa barabara inawezekana, maana gari linapanda mlima. Treni haipandi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linashika kidogo sana, ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta mabehewa mengi kwenye tambarare, na ndiyo maana hicho hicho kinateleza kwenye mwinuko ambao basi la abiria halijali hata kidogo. Wajenzi wa reli kuu hujitahidi mwinuko usizidi mita 1 kwa kila mita 100. Sasa piga hesabu: ukitaka reli ipite mita 40 juu ya maji, unahitaji kilomita 4 za kupanda na kilomita 4 za kushuka. Rotterdam ni nchi bapa kama sinia, sehemu zake nyingi ziko chini ya usawa wa bahari. Kilomita 4 kila upande ni mji mzima. Kwa hiyo reli inapita chini, karibu na maji, na daraja inabidi lijongee lenyewe kumpisha mwenye mlingoti.

Pale Rotterdam meli na treni zilikuja juu karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1872 ulifunguliwa mfereji wa Nieuwe Waterweg, ulioipa bandari njia ya moja kwa moja kwenda Bahari ya Kaskazini. Mwaka huo huo reli kutoka kusini ilivuka maji mapana ya Hollands Diep kwa daraja la Moerdijk. Bandari ikaanza kukua, na reli ikafika ukingo wa kusini wa mto ikitaka kuingia mjini. Mwaka 1877 ikaingia: ikavuka mto Nieuwe Maas, ikapita juu ya paa za mji kwa njia ndefu iliyoinuliwa juu ya nguzo, mpaka ikaungana na reli za upande wa kaskazini.

Uvukaji wenyewe uligawanywa mara mbili, na hapa ndipo ujue kwa nini kisiwa unachokipita kinaitwa kisiwa. Juu ya mto mkuu waliweka daraja la reli lisilofunguka. Meli zenye milingoti mirefu zikachimbiwa njia ya pembeni upande wa kusini, Koningshaven, yaani Bandari ya Mfalme, na kile kipande cha ardhi kilichobaki katikati ya maji mawili kikawa Noordereiland. Juu ya Koningshaven ndipo palipohitajika daraja la kufunguka. La kwanza halikuwa Hef. Lilikuwa daraja la kuzunguka.

Daraja la kuzunguka limekaa juu ya nguzo moja nene, na kipande chake hugeuka kama mlango ulioshikwa katikati. Meli ikija, kinageuka robo duara mpaka kinalala sambamba na mkondo. Ni ufundi wa busara na umetumika sana duniani. Lakini una kasoro ambayo watu wa meli huijua kabla ya wahandisi: ile nguzo nene imesimama ndani ya maji, na kipande kilichofunguliwa kimelala kando ya njia ya meli kama mkono wa mtu aliyelala barabarani. Maji ya Rotterdam hujaa na kupwa, mkondo unasukuma, upepo unasukuma, na nahodha anapitisha chombo chake kwenye uwazi mwembamba. Siku moja lazima kitu kitagusana.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Novemba 1918. Meli ya mvuke ya Kijerumani iliyoitwa Kandelfels iliparamia daraja la kuzunguka na kuliumiza vibaya. Fikiria maana yake: reli inayounganisha kusini mwa nchi, Ubelgiji na Ufaransa na miji ya Rotterdam, The Hague na Amsterdam ilipita hapo. Chombo kimoja kikikosea, nusu ya nchi inakosa treni. Daraja lilitengenezwa, treni zikarudi, lakini imani haikurudi. Ikaonekana kwamba lazima kijengwe kitu ambacho hakiachi nguzo katikati ya mkondo.

Kazi ilimwangukia mhandisi Pieter Joosting, mtu wa madaraja katika shirika la reli. Yeye alitazama upande wa Marekani, na alikuwa na sababu nzuri. Huko Chicago, mwaka 1894, mhandisi John Alexander Low Waddell alikuwa amejenga daraja la barabara la South Halsted Street, daraja kubwa la kwanza la aina hii: minara miwili kwenye kingo, na kipande cha kati kinachopanda wima kama lifti, kikiwa kimelala bapa vile vile. Hakuna nguzo katikati. Hakuna kitu kinacholala kando ya meli. Reli za Marekani zikaipenda hesabu hiyo haraka.

Niruhusu nitoke kidogo, kwa sababu daraja ninalotaka kulitaja nalipenda kuliko yote ya aina yake. Kwenye mto Willamette, mjini Portland katika jimbo la Oregon, kuna daraja liitwalo Steel Bridge, lililofunguliwa mwaka 1912 na kusanifiwa na kampuni ya Waddell na mwenzake Harrington. Lina sakafu mbili: treni chini, magari na tramu juu. Chombo kifupi kikija, sakafu ya chini peke yake inapanda na kujikunja ndani ya ile ya juu, na magari ya juu yanaendelea na safari kama vile hakuna lililotokea. Chombo kirefu kikija, ndipo zote mbili zinapanda pamoja. Aliyefikiria hivyo alikaa akajiuliza kwa dhati nani hasa anapaswa kungoja, na kwa muda gani, akakataa kumsimamisha mtu bure. Treni zinapita pale mpaka leo.

Turudi Rotterdam. Daraja la Joosting lilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1927. Jina lake rasmi ni Koningshavenbrug, lakini watu wa mji wakalikata mpaka likabaki De Hef, kutokana na neno lao la kuinua. Nchi ile haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho, na kwa jinsi ardhi ilivyo bapa, minara yake ilionekana kutoka mbali sana.

Sasa nikueleze linavyofanya kazi, maana nadhani hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanadhani mle ndani pana mashine kubwa mno inayobeba chuma chote kile. Hapana. Wazee wetu walipopandisha foromali ya jahazi waliipitisha kamba kwenye kapi na wakaongeza mikono ya watu, maana upande wa pili wa kamba hapakuwa na kitu cha kuwasaidia. Hapa ni zaidi ya hivyo, ni kama ndoo mbili za kisima zilizofungwa kamba moja: moja ikishuka nyingine inapanda. Kila kona ya kipande cha kati imefungwa kamba nene za waya. Kamba zinapanda mpaka kwenye makapi makubwa juu ya mnara, zinapita, zinashuka upande wa pili na kushikilia uzito wa kusawazisha. Tuseme, kwa mfano tu, kipande kina tani 500. Basi uzito wa pande mbili ukijumlishwa nao uwe karibu tani 500. Mota haibebi tani 500. Inashindana na msuguano wa makapi na mhimili, na upepo, na ile tofauti ndogo iliyoachwa kati ya pande mbili. Ndiyo maana mota ya kawaida tu inaweza kupandisha daraja la treni.

Tofauti hiyo ndogo haiachwi kwa bahati mbaya. Kipande hufanywa kizito kidogo kuliko uzito wa kusawazisha, ili kikishuka kikae kwa kujiamini kwenye viti vyake na kisirukeruke treni inapopita. Lakini mizani hii haitulii. Mvua inaongeza uzito, theluji inaongeza zaidi. Hata rangi: daraja la chuma hupakwa tena na tena ili kutu isiingie, na matabaka ya rangi ya miaka mingi ni mzigo halisi ambao fundi lazima auhesabu, aongeze au apunguze vipande vya kusawazisha. Na kamba zenyewe zina uzito unaohama: kipande kikiwa chini, sehemu kubwa ya kamba iko upande wake, kikiwa juu, imehamia upande wa pili.

Kitu cha hatari kuliko vyote ni kipande kupanda mshazari. Kona moja ikitangulia kwa kiasi kidogo tu, kipande kinakwama kwenye reli za mwongozo zilizo kwenye miguu ya minara, kama droo ya kabati iliyovutwa upande mmoja. Kwa hiyo pande zote mbili lazima ziende sawa hatua kwa hatua. Kikishuka nako si kuangukia popote: ncha za reli za daraja lazima zikutane barabara na ncha za reli za nchi kavu, makomeo yaingie, na hapo tu ndipo fundi wa ishara anaweza kumpa dereva ruhusa. Kwenye madaraja ya reli mambo haya yamefungamanishwa: ishara haikubali kuonyesha njia wazi wakati makomeo hayajaingia, na makomeo hayakubali kutoka wakati treni imesharuhusiwa. Mtu akisahau, chuma kinamkatalia. Kazi yangu mimi ni madaraja ya reli, na nakuhakikishia kwamba hakuna kitu kinachonipa usingizi kama fungamano hilo.

Kwa hiyo Hef ikaishi hivyo kwa miaka 66: chini kwa ajili ya treni, juu kwa ajili ya meli, mara kadhaa kwa siku. Mei 1940 vita vilifika mlangoni pake. Alfajiri ya tarehe 10 ndege za majini za Kijerumani zilitua juu ya mto Nieuwe Maas na askari wakakimbilia madaraja. Tarehe 14 katikati ya mji ililipuliwa kwa mabomu ikaungua. Minara ya Hef ilibaki imesimama. Jirani zake wengi wa upande wa kaskazini hawakubaki. Nadhani mtu aliyetoka kwenye moshi ule na kutazama kusini, akaiona bado ipo, hakuitazama tena kama mashine ya shirika la reli.

Lakini wakati wa amani ndio ulioiondoa kazini. Treni ziliongezeka mwaka baada ya mwaka kwenye njia mbili za reli zilizopita pale, na kila meli ndefu ilipokuja, foleni ya treni ilirudi nyuma mpaka stesheni za mbali. Ratiba ya nchi nzima ilikuwa inasikiliza daraja moja. Unaweza kumwambia abiria wa Likoni asubiri dakika kumi akanung'unika kisha yakaisha; treni iliyochelewa dakika kumi inachelewesha ya nyuma yake, na ile iliyopaswa kuunganisha nayo, na ile itakayotumia njia hiyo hiyo kurudi. Mwishowe wakafanya lile lisilowezekana mwaka 1877: wakachimba handaki chini ya mto, lenye njia 4 badala ya 2. Treni zikaanza kuteremka humo Septemba 1993. Hapo ugomvi ukaisha, kwa sababu wagombanao hawakutani tena.

Ile njia iliyoinuliwa kupita juu ya mji ikabomolewa. Daraja la reli la mto mkuu likabomolewa. Ndiyo maana huoni reli upande huu wala ule, ndugu yangu: Hef ilikuwa kiungo katikati ya mnyororo, na mnyororo umeondolewa pande zote mbili. Nayo ilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa. Watu wa Rotterdam wakakataa. Walipiga kelele mpaka ikaachwa, na mwaka 2000 ikatambuliwa kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa. Hilo ndilo jibu la chuma chakavu: wenyewe hawakutaka liuzwe, na wakasema hivyo kwa wakati.

Kwa nini basi juu na si chini? Daraja lililoinuliwa halihitaji mwendeshaji wa zamu, na Koningshaven bado ni njia ya vyombo. Wala si ajabu kwa daraja la aina hii kukaa juu. Daraja la reli la Mfereji wa Cape Cod huko Massachusetts, la mwaka 1935, kwa kawaida hukaa juu muda wote na hushushwa treni inapokuja tu, kwa sababu pale meli ni nyingi na treni ni chache.

Kuna jambo moja daraja la kuinuka haliwezi kulikwepa, nalo lilikuja kuonekana karibu yako tu. Daraja la kuzunguka likifunguka, juu ni mbingu. Daraja la Hef likiinuka mpaka mwisho, bado kuna chuma juu yako, zaidi ya mita 40 hivi kutoka majini, basi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 zikatoka habari kwamba mashua ya matanga yenye milingoti mitatu, urefu wa mita 127, iliyokuwa ikitengenezwa Alblasserdam kwa ajili ya tajiri Jeff Bezos, ilikuwa ndefu kwenda juu kiasi kwamba haipiti, na kwamba kipande cha kati kingeondolewa kwa muda ili ipite. Mji ulichemka. Maelfu ya watu wakaahidi mtandaoni kwenda kuirushia mashua hiyo mayai viza. Meya akasema uamuzi ulikuwa bado. Watengenezaji wakaachana na ombi hilo, na Agosti mwaka huo mashua ikavutwa bila milingoti yake kupitia njia nyingine, ikakamilishwa mahali pengine.

Baadhi ya watu waliona hasira ile ni ya kupindukia, kwa kipande ambacho kingerudishwa. Mimi naielewa. Kipande hicho kilikuwa kimeshateremshwa mwaka 2014 kwenda kukarabatiwa na kurudishwa mwaka 2017, na kwa muda wote huo minara ilisimama kama mlango usio na kizingiti. Waliolilinda daraja lisibomolewe walikuwa wameahidiwa kwamba sasa litaachwa litulie. Halafu likaulizwa tena swali lile lile la mwaka 1877, nani ampishe nani, safari hii na chombo kimoja cha mtu mmoja. Nafurahi kwamba mara hii chombo ndicho kilichoambiwa kizunguke.

Ukipita tena kesho, usimame dakika chache. Tazama kwanza miguu ya minara, utaona njia za mwongozo zinazokwenda wima. Kisha fuata kamba kwa macho kutoka kona za kipande mpaka kwenye makapi ya juu, na ushuke nazo upande wa pili, ujue uzito uko wapi. Na kama una nafasi jioni, nenda kituo cha Blaak, teremka mpaka kwenye jukwaa la chini kabisa, ungoje treni ya kutoka Dordrecht. Utaisikia kabla ya kuiona. Imetoka chini ya maji unayoyapita kila siku, na huko juu hakuna chombo kilichosimamishwa kwa ajili yake.